Naleli, Farasi wa Mafisa

Potlako alikuwa mfupi, na hili lazima lisemwe mapema, kwa sababu baadaye bwana mkubwa mmoja wa Keptauni alitangaza mbele za watu kwamba Potlako alikuwa na kimo cha mlango. Mlango gani? Labda wa banda la kuku. Lakini ufupi haukuwahi kumkosesha usingizi. Alitembea kifua mbele, blanketi amelifunga begani kama mtoto wa chifu, na akicheka, mbwa wa jirani walibweka. Kijijini kwao, chini ya milima upande wa Mafeteng katika nchi ya Wasotho, watu walisema kijana yule amezaliwa maskini kwa bahati mbaya tu, maana mambo yake yote ni ya kitajiri.

Utajiri wenyewe haukuwapo. Baba yake alikufa akaacha mifugo michache, na yote ilikwenda kwa Mzee Khabele, mahari ya binti yake Likeleli. Mnyama wa mwisho kupelekwa alikuwa farasi jike aitwaye Naleli, wa rangi ya kahawia, mwenye nyota nyeupe kwenye paji la uso, na mwendo laini hata ungeweza kumpanda umeshika bakuli la pombe usimwage tone. Khabele alimpapasa miguu yote, akamfunua midomo, akasema sawa, mahari imetimia. Kabla harusi haijachezwa, vita vikaingia.

Serikali ya Kepu, koloni la Waingereza lililoitawala nchi ile, ilikuwa imeamuru Wasotho wasalimishe bunduki zao. Bunduki hizo watu walikuwa wamezipata kwa jasho lao kwenye machimbo ya almasi, wamechimba mpaka migongo ikapinda, halafu anatokea mtu aliyekaa kwenye kiti anawaambia leteni. Ukiniuliza mimi, huo ni ufidhuli. Wasotho nao waliona hivyo hivyo, wakapanda farasi zao. Mzee Khabele, ambaye goti lake lilikuwa halikunjiki tena, akamwita mkwewe mtarajiwa.

"Naleli ni wangu," akamwambia. "Lakini farasi kama huyu hakai zizini wenzake wakienda vitani. Mchukue. Nakupa kwa mafisa."

Neno hilo halikuhitaji maelezo. Mwenye mifugo humpa mwenziwe mnyama amtunze na kumtumia, amkamue, ampande, lakini mnyama hubaki wa mwenyewe, na kila atakayezaliwa ni wa mwenyewe. Tena aliyepewa huwa mtu wa yule aliyempa. Humsimamia barazani, na akiitwa huja. Ndivyo wakubwa wa nchi ile walivyojipatia watu.

Khabele akamfundisha pia mluzi. Mzee alikuwa na pengo la meno ya mbele, na kutoka katika pengo hilo alikuwa ametunga mluzi wake mwenyewe, unaopanda juu, unakatika mara mbili, halafu unashuka polepole. Farasi zake hawakuitikia mwingine. Potlako alihangaika nao mchana kutwa, mate yakimruka, Likeleli akimcheka kutoka mlangoni.

"Wanangu wa kuwazaa sijawafundisha huu," Khabele akasema. "Wangewauza farasi wote. Nikimkabidhi mtu farasi, namkabidhi na mluzi. Bila mluzi, sijamkabidhi."

*

Siku Potlako alipokutana na Mzungu mmoja, mapigano yalikuwa yameanza asubuhi, na Wasotho walikuwa wamewatimua wapanda farasi wa Kepu wakatawanyika mabondeni. Potlako alikuwa mmoja wa waliofukuza. Alipiga mbio na shoka lake la vita, akiimba, akijitungia sifa kwa sauti kubwa kwani hakuona mwingine wa kumtungia. Ndipo mbingu zikafunguka ikaanza mvua ya mawe, ile ya milimani, yenye mawe makubwa yanayoua kondoo. Akamwelekeza Naleli kwenye pango moja alilolijua tangu uchungaji wake.

Pangoni kulikuwa na mtu. Alikuwa kijana wa Kizungu wa umri wake, amekaa kwenye mavi makavu ya mbuzi, sare imeraruka, goti limevimba. Farasi wake alikuwa amepigwa risasi bondeni. Masikio ya kijana huyo yalikuwa makubwa ajabu, na kwa masikio hayo Wasotho walimpa jina ambalo hakuachana nalo tena, Litsebe, yaani Masikio. Kwao aliitwa Luteni Fenwick.

"Usisogee!" akapiga kelele kwa Kisotho, ameinua bastola. "Nitapiga!"

Potlako akaitazama ile bastola. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye mtutu wake.

"Piga," akasema. "Nina kiu."

Mzungu akavuta. Ikalia tk. Akavuta tena. Potlako akashuka, akamfuta Naleli mgongo kwa blanketi, akaketi mkabala, shoka mapajani.

"Nani kakufundisha kuongea kama mchunga mbuzi?"

"Wachunga mbuzi," akajibu Fenwick. Baba yake alikuwa na shamba ng'ambo ya mto, na wachungaji wake walikuwa Wasotho. Lugha aliipatia zizini, na matusi aliyajua vizuri kuliko salamu.

"Basi unajua niko hapa kukuua."

"Najua. Na mimi leo nimeua watu wanne."

Alipolisema hilo masikio yake yakawa mekundu mpaka kwenye ncha. Potlako akayakodolea macho, kisha akacheka, mwangwi ukajaa pangoni.

"Bwana wee! Masikio yako yanasema hujaua hata kuku."

Fenwick alitaka kukasirika, akashindwa, akacheka naye. Ni vigumu kumuua mtu mliyecheka pamoja. Potlako alitoa ugali uliopoa kutoka kwenye mkoba wake, akaukata kati. Mvua ya mawe iliendelea kupiga, wakaongea kama vijana wanaongojea mvua popote pale.

"Hivi kwenu si mna ng'ombe?" Potlako akauliza. "Umekuja kufuata nini huku?"

"Nishani. Kipande cha fedha. Unakivaa hapa kifuani."

"Ukikila kinashibisha?"

"Sikiliza. Nikirudi na nishani magazeti yataniandika. Wakiniandika, watu watanichagua kwenda bungeni. Kisha nitakuwa waziri. Kisha waziri mkuu."

"Hicho cheo ni kama chifu?"

"Ni zaidi ya chifu."

"Hakuna zaidi ya chifu," akasema Potlako. "Lakini endelea."

Akaendelea. Alieleza barabara atakazozijenga, hotuba atakazozitoa, sanamu yake itakavyosimama mjini, yote hayo amekaa juu ya mavi ya mbuzi, hana farasi, hana risasi kavu, goti halimbebi. Sasa masikio hayakubadilika rangi hata kidogo, na hilo ndilo lililomgusa Potlako. Huyu hadanganyi, akajiambia. Huyu atafika.

Mawazo yake yakaanza kukimbia. Mvua ikikatika tu, wenzake wangepekua mapango yote, na Masikio angekuwa maiti ya mtu asiye na jina. Akiachiwa kwa miguu, hafiki hata korongo la kwanza. Lakini akiwa na farasi? Na kama farasi huyo amepewa na Potlako? Machifu walikuwa na watu mia wanaoshika ng'ombe zao. Yeye hakuwa na mtu hata mmoja. Hapa mbele yake alikuwepo mtu atakayekuwa zaidi ya chifu, na bei yake leo ilikuwa farasi mmoja.

Nasema wazi, lilikuwa wazo la kichaa. Mgeni asingeweza kulipata. Alilipata Msotho, tena Msotho mmoja tu, yule aliyezaliwa maskini kwa bahati mbaya.

"Unajua mafisa?" akauliza.

"Najua. Baba aliwahi kushika ng'ombe wa mafisa wa mzee mmoja wa kwenu."

"Basi nakupa huyu jike kwa mafisa. Mpande, mtunze. Akizaa, wanawe ni wangu. Na wewe ni mtu wangu. Nikikuita, unakuja. Umekubali?"

Masikio ya Fenwick yalikuwa meupe.

"Nimekubali. Namshika kwa niaba yako."

Potlako akamfundisha mluzi, maana bila mluzi hajamkabidhi. Yule kijana aliushika upesi kumshinda mwalimu wake. Naleli akainua kichwa, akamsogelea, na Potlako alihisi wivu ukimchoma kifuani. Mvua ilipopungua akamsukuma Mzungu juu ya farasi, akamwonyesha njia ya kondoo inayoteremka mtoni. Kisha akaanza kutembea kwenda nyumbani, kifua mbele, na alipokumbuka Naleli ni wa nani, kifua kikapungua kidogo.

*

"Farasi wangu yuko wapi?" Mzee Khabele akauliza.

"Yuko mafisa, Ntate," akajibu Potlako, akimwita baba kwa heshima.

"Mafisa kwa nani?"

"Kwa askari wa Kepu. Atakuwa mkubwa sana."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Shahidi? Hakuna. Pangoni kulikuwa na watu wawili, na mmoja amekwenda na farasi. Ikaaminika kijiji kizima kwamba Potlako alitupwa na farasi vitani, akakimbia akamwacha, na njiani akatunga uongo. Wakampa jina la Mpiga-Mguu. Vijana wenye farasi walimpita njiani wakisema, "Ntate, hali ya huko chini ikoje?" Naye akijibu, "Huku chini tunaona mnavyopandwa na farasi zenu." Jibu hakulikosa.

Lakini Khabele hakucheka. Vita vilipokwisha, na Wasotho wakabaki na bunduki zao, alimwita Potlako mbele ya wazee.

"Likeleli mchukue, maana nikimkatalia ataning'ata. Lakini mahari yangu ina tundu. Mpaka Naleli au mtoto wa tumbo lake asimame katika zizi langu, mtoto yeyote wa binti yangu ni wangu. Ataitwa kwa jina langu."

Ndiyo sheria, mahari isipotimia watoto ni wa kwa mama yao. Potlako aliinamisha kichwa. Alidhani ni jambo la msimu mmoja au miwili, mpaka mtu wake akumbuke.

Mtu wake hakukumbuka. Akazaliwa Moeketsi, akaitwa Moeketsi wa Khabele. Alipotoka jandoni na wenzake, wamepakwa udongo mwekundu, kila kijana akisimama kujisifu kwa jina la baba yake, Moeketsi alisimama akajisifu kwa jina la babu. Potlako alikuwa pale, mbele kabisa, akapiga makofi kuliko wote. Akarudi nyumbani asile. Hayo mengine yote aliyachekea, ila hilo lilimuuma na halikuacha kumuuma.

"Tulia," Likeleli akamwambia. Yeye peke yake ndiye aliyemwamini, kwa sababu, alisema, mume wake akidanganya hudanganya vizuri kuliko vile. "Baba amekataa, lakini kamtazame mtoto miguu. Ufupi ule Khabele ameutoa wapi?"

Habari za Masikio zilikuwa zikifika. Mwalimu wa misheni alisoma magazeti, akawasimulia. Fenwick amepata nishani. Fenwick amechaguliwa bungeni. Fenwick ana zizi la farasi wanaoshinda mashindano, wote wa ukoo wa jike mmoja mwenye nyota, ambaye alimpokonya kwa mikono mitupu kutoka kwa shujaa wa Kisotho mwenye kimo cha mlango.

"Mimi?" Potlako akaruka. "Mlango?"

Alifoka jioni nzima. Lakini Likeleli alimfahamu, akaona kwamba chini ya hasira ile kulikuwa na mtu aliyefurahi. Mtu wake alikuwa anapanda cheo.

*

Miaka karibu thelathini ilipita. Makoloni ya Wazungu yakawa yanataka kuungana yawe nchi moja, na yalitaka nchi ya Wasotho iingie humo humo. Likaitishwa pitso, baraza kuu, ambamo kila mwanamume anaruhusiwa kusema, hata asiye na kuku. Kepu wakamtuma waziri anayejua lugha. Alikuja juu ya farasi ili Wasotho wamwone ni mwenzao, na farasi mwenyewe alikuwa jike wa kahawia mwenye nyota kwenye paji la uso.

Potlako alishika mkono wa Moeketsi. "Unamwona? Yule ni wangu."

"Baba, tafadhali. Leo usitutie aibu."

Fenwick alikuwa amenenepa, nywele zimemhama, masikio yapo palepale. Akamkabidhi mtumishi farasi, akasalimu vizuri, akaanza. Kuungana ni ulinzi, akasema. Ardhi yenu itabaki yenu, sisi tutaishika tu kwa niaba yenu. Nawajua, nilipigana nanyi nikiwa kijana. Mama wa mama wa farasi huyu nilimteka kwenu kwa ushujaa, na bado nawaheshimu.

Potlako akasimama. Kwa sababu ya ufupi wake watu walichelewa kutambua kwamba amesimama.

"Masikio!" akaita. "Mimi ni Potlako, nimekuja kuuliza habari za mifugo yangu. Nilikupa jike pangoni kwa mafisa. Wanawe wako wangapi?"

Baraza likaangua kicheko. "Mpiga-Mguu, kaa chini!" "Mwacheni, leo kampata bwana wake!" Fenwick alimtazama, na kwa kitambo kidogo uso wake ukawa wa kijana wa zamani. Kisha waziri akarudi.

"Mzee wangu," akasema kwa upole, "vita ni vita. Yule farasi nilimteka."

Kicheko kikazidi, vigelegele vikapigwa kwa kebehi, na katika kelele hizo yule jike akashtuka, akamponyoka mtumishi, akatimka katikati ya watu. Wazee wakaangukiana. Mtoto wa mtu angekanyagwa. Fenwick, bila kuwaza, akafanya alilolifanya kila siku kwenye zizi lake. Akapiga mluzi. Ukapanda juu, ukakatika mara mbili, ukashuka polepole.

Farasi akasimama, akageuka, akamjia.

Safu ya mbele alikuwa ameketi Mzee Khabele, haoni vizuri tena, mkongojo mkononi. Akainua kichwa.

"Nani kapiga huo? Piga tena."

Fenwick alidhani anasifiwa. Akatabasamu, akapiga tena, kwa madaha zaidi.

Khabele akainuka, akishikiliwa huku na huku. Watu wakanyamaza, maana alikuwa mtu mzima kuliko wote.

"Mluzi huo ni wangu," akasema. "Niliutunga mwenyewe, kwa pengo langu hili. Nimemfundisha mtu mmoja tu, huyu mfupi. Anayeteka farasi vitani huteka hatamu. Wewe, mluzi uliuteka kwa nani?"

Masikio ya Fenwick yalikuwa mekundu mpaka kwenye ncha, na baraza zima liliyaona.

"Hayo ni ya zamani, wazee wangu," akasema hatimaye. "Tuzungumze ya leo."

"Ndiyo ya leo hayo!" akapaza sauti mtu kutoka nyuma, na mwingine akadakia, "Alishikishwa farasi akasema kateka! Nchi je?" Baraza likavuma. Wasemaji waliofuata hawakuhitaji hotuba ndefu. Mmoja baada ya mwingine walisimama, wakasema hapana, wakakaa.

Khabele lakini hakuwa amemaliza. Akanyoosha mkongojo mpaka ukamgusa Potlako kifuani.

"Mnyama aliye mafisa hajatoka zizini mwa mwenyewe. Basi Naleli hakutoka kwangu hata siku moja. Mahari yangu haikuwa na tundu. Mimi ndiye nilikuwa na tundu, hapa kichwani." Akaushusha mkongojo. "Wajukuu niliwashika kwa mafisa tu. Wachukue, ni wako."

"Na jike?" watu wakapiga kelele. "Mchukue farasi wako, Potlako! Mchukue!"

Potlako alimwendea yule farasi, akampapasa ile nyota. Fenwick alisimama karibu naye, akamnong'oneza, "Potlako. Mchukue. Nakuomba."

"Nimchukue, halafu wewe uwe mtu wa nani?" Potlako akajibu, na hakunong'ona. "Endelea kumshika. Tumbo hili lina mtoto, usimpandishe milima. Nikikuhitaji nitakuita."

Wasotho walicheka tena, ila safari hii kicheko kilikuwa cha Potlako. Waziri alirudi Keptauni bila alichokijia. Baadaye alifikia kile cheo alichokitaja pangoni, na mwalimu wa misheni alipoleta habari, Potlako alitikisa kichwa kwa kuridhika, akasema anatumaini kazi za ofisini hazitamfanya asahau kuwanywesha farasi maji.

Lakini hayo yalikuwa bado. Alasiri ile Potlako alirudi nyumbani kwa miguu kama kawaida, Moeketsi kando yake. Penye kivuko cha kijito walikutana na wapanda farasi wa kijiji cha mbali, wageni, wakasalimiana. Mmoja wao akauliza, kama wasafiri wanavyoulizana, "Ninyi ni wa nani?"

Potlako akatazama milima. Kwa miaka yote hiyo swali hilo alimwachia mwanawe ajibu kwa jina la babu.

"Mimi ni Moeketsi," akasema kijana, ameweka kifua mbele. "Moeketsi wa Potlako. Huyu hapa ndiye Potlako."

Mfupi yule akalia pale pale kivukoni, mbele ya watu asiowajua, na wala hakutafuta blanketi la kujifichia.